Mpira Ukikatikia Ndani ya Mshipa



Baadhi yetu tuna wagonjwa wanaosafishwa damu pale Machakos Level 5. Wengine huwekewa mpira shingoni au kifuani, ukaingia kwenye mshipa mkubwa. Mara chache mpira huo hukatika. Kipande husukumwa na damu hadi kwenye moyo au mapafu. Kikikaa huko kinaweza kugandisha damu, kuleta maambukizi au kuvuruga mapigo ya moyo.

Hapo watu husema, "Basi, ni kupasuliwa kifua!" Mara nyingi sivyo. Tangu 1964 madaktari wameeleza namna ya kukitoa bila kupasua. Kinena hutiwa ganzi, kisha mrija mwembamba hupitishwa ndani ya mshipa hadi kilipo kipande. Ndani ya mrija mna waya wenye kitanzi, kama kamba ya kunasia ndama. Daktari hutazama kwa eksirei, ananasa kipande, anakaza, halafu anakivuta polepole. Kazi hii hufanywa katika hospitali kubwa ya rufaa yenye mtambo na daktari bingwa.

Je, nyumbani tufanye nini? Mpira ukikatika kwa nje, kunja na ubane sehemu iliyobaki karibu na ngozi. Usirudishe kitu ndani. Mlaze mgonjwa kwa ubavu wa kushoto, mkimbizeni hospitali, na mbebe kipande kilichotoka. Daktari atakipima ajue kilichobaki ndani ni kirefu kiasi gani.

Kila kikundi kiweke akiba ya gari. Ugonjwa haupigi hodi.