Kosa Huingia Kabla ya Barua

Chuo kinapotaka kuwaandikia wanafunzi 500, karani hachapi barua moja moja. Huandika barua moja, akaacha nafasi za jina, anwani, simu na namba ya kitambulisho, kisha programu ya kuandikia hujaza nafasi hizo kutoka kwenye orodha. Barua zikitoka na kasoro, hulaumiwa aliyeiandika barua. Mara nyingi hana hatia: kosa liliingia mapema, kumbukumbu zilipotolewa kwenye hifadhidata na kutiwa kwenye faili.

Faili hilo kwa kawaida ni maandishi matupu: kila mtu na mstari wake, mkato ukitenganisha jina na anwani, anwani na simu. Anwani ikiwa na mkato ndani yake, kama “S.L.P. 120, Tanga”, na haikuzungushiwa alama za usemi, Tanga itahamia kwenye nafasi ya simu. Kasoro hiyo angalau inaonekana. Ya hatari ni ile isiyoonekana. Wengi hulifungua faili kwa Excel kwanza ili walisafishe, na Excel ikikuta tarakimu tupu huzichukulia kuwa hesabu. Katika hesabu sifuri ya mwanzo haina kazi, basi 0712 inabaki 712. Tena Excel huhifadhi tarakimu 15 tu. Zinazozidi hugeuzwa sifuri. Namba ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania (NIDA) ina tarakimu 20. Ikiandikwa bila vistari, tano za mwisho hupotea, huku nane za mwanzo, yaani tarehe ya kuzaliwa, zikibaki sahihi na kumtuliza msomaji. (Vistari vinavyodhaniwa pambo ndivyo vingeiokoa.) Faili likishahifadhiwa hivyo, hakuna dawa ila kurudi kwenye hifadhidata. Wala huu si uzembe wa makarani peke yao: mwaka 2020 wasimamizi wa majina ya jeni za binadamu walitangaza kwamba jeni kadhaa zimepewa majina mapya, MARCH1 ikawa MARCHF1, kwa sababu Excel ilikuwa ikiyageuza majina hayo kuwa tarehe. Kwa hiyo kitu ambacho hakuna atakayekijumlisha, kama simu au kitambulisho, kitolewe na kipokewe kama maandishi.

Kuna watakaouliza faili la nini, ilhali programu ya kuandikia yaweza kuunganishwa moja kwa moja na hifadhidata. Yaweza, na mkato hautasumbua tena. Lakini kumbukumbu zinaweza kubadilika kati ya kukagua na kuchapa, na mwandika barua anaweza kujikuta ameshika ufunguo wa mishahara na maradhi ya watu wasiomhusu. Faili lenye safu zinazohitajika tu halina hatari hiyo. Wengine watasema orodha ya watu 40 inatosha kukaguliwa kwa macho. Macho hukagua majina. Hayasimami kwenye tarakimu ya 17. Kompyuta iamriwe kuhesabu urefu wa kila namba ya NIDA na kuonyesha zote zinazoishia na sifuri tano, kabla karatasi ya kwanza haijaingia kwenye printa.