Gofu kwa mfuko mdogo: Uwanja mfupi wenye vilima ndio wa kuanzia

Mwambie mtu wa Mabatini au Igogo kwamba unataka kucheza gofu, swali lake la kwanza litakuwa: hela umetoa wapi? Gofu ina sifa ya kuwa mchezo wa mabosi, na kwenye viwanja vikubwa vya mashimo 18 sifa hiyo haijasingiziwa. Lakini mlango wa mtu wa kipato cha kawaida upo, nao ni uwanja mfupi wa mashimo tisa, hasa ule wa kupanda na kushuka.

Viko wapi?

Kwa aliyeko Mwanza, viwanja vya kando ya Ziwa Victoria vinavyotajwa sana viko ng'ambo ya mpaka. Kisumu unafika kwa basi kupitia Musoma na Sirari. Entebbe na Jinja, nchini Uganda, unaweza kupitia Bukoba na Mutukula. Beba pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Entebbe kuna uwanja wa mashimo 18, gofu ikichezwa hapo tangu 1901. Jinja, pale Mto Nile unapoanzia safari yake, ni mashimo tisa, na uwanja wake una sifa ya peke yake: mpira ukitumbukia kwenye unyayo wa kiboko, sheria ya pale inakuruhusu kuutoa bila adhabu.

Ndani ya nchi, Moshi Club ina mashimo tisa. Hoteli ya Sea Cliff kule Zanzibar nayo ina tisa, yakitazama bahari.

Fimbo tano zinatosha

Sheria inaruhusu fimbo zisizozidi 14. Hakuna mahali inaposema lazima zifike 14. Kwenye uwanja mfupi, ile fimbo ndefu yenye kichwa kikubwa, ambayo mara nyingi ndiyo ghali kuliko zote, huna kazi nayo.

Chukua za chuma namba 5, 7 na 9, moja ya kunyanyulia mpira kwenye mchanga, na ya kusukumia mpira shimoni. Nunua mtumba au kodi palepale klabuni. Mkoba mwepesi pia ni nafuu kwa magoti yako wakati wa kupanda.

Kilima kina hesabu yake

Hesabu ya haraka ni hii: shimo likiwa juu yako kwa mita 10, piga kama vile liko mbali zaidi kwa mita 10. Likiwa chini, punguza hivyohivyo. Kumbuka pia Ziwa Victoria liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kidogo, kwa hiyo mpira unakwenda mbali kidogo kuliko Dar es Salaam au Zanzibar.

Angalia na miguu yako. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, mpira ukiwa juu kuliko miguu hukimbilia kushoto, na ukiwa chini ya miguu hukimbilia kulia. Elekeza fimbo upande wa pili kidogo.

Ukifika kwenye nyasi fupi zenye shimo, jiulize: mvua ikinyesha hapa, maji yatatiririkia wapi? Mpira nao utavutwa huko. Mtu aliyekulia kwenye miteremko ya Mwanza hahitaji mwalimu kwa hilo.

Mipira ndiyo inayokula hela

Fimbo unanunua mara moja, mipira inapotea kila siku. Kwenye vilima, mkwaju wa sifa unaishia bondeni, kichakani au majini. Piga nusu ya nguvu, ubaki katikati ya njia. Tumia mipira iliyookotwa, inauzwa bei ya chini. Na usitafute mpira zaidi ya dakika tatu: sheria inasema muda ukiisha huo umepotea, na nyuma yako kuna watu wanasubiri.

Uliza bei tatu kabla ya kusafiri

Piga simu uulize ada ya uwanja kwa asiye mwanachama, kodi ya fimbo, na malipo ya kedi, yaani mtu anayekubebea mkoba na kukuonyesha njia. Uliza kama katikati ya wiki ni nafuu kuliko Jumamosi. Uliza na mavazi: klabu nyingi zinataka fulana yenye kola, na jinzi zinakataa.

Ila kuna mahali pamoja usipobanie: kwa kedi. Wewe umekuja kujifurahisha, yeye hiyo ndiyo riziki ya siku. Kubalianeni bei kabla ya shimo la kwanza, na umlipe mlichopatana hata kama umecheza vibaya. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Afrika Mashariki walianza kwa kubeba mikoba ya wengine. Huyo uliye naye anajua kila mteremko wa pale, na kumsikiliza kutakuokolea mipira mingi.

Kama bajeti hairuhusu hata kedi, cheza mashimo tisa tu na ubebe mkoba mwenyewe. Tisa ni mchezo kamili, na hata mfumo wa dunia wa kupima viwango vya wachezaji unayapokea.