Benidorm: Maghorofa Yaliyoiokoa Pwani

Watu wengi wa Ulaya huutaja mji wa Benidorm kwa dharau. Ukitazamwa kutoka baharini, mji huu wa mashariki ya Hispania ni msitu wa maghorofa, na moja kati yake, Gran Hotel Bali, lina urefu wa mita 186. Wakosoaji huona hapo mfano wa pwani iliyoharibiwa na utalii. Nadhani wanakosea katika jambo la msingi. Pwani inayopokea umati kila mwaka huumizwa zaidi na nyumba zilizotapakaa kuliko majengo marefu yaliyokaa pamoja.

Hadi miaka ya 1950 Benidorm ilikuwa kijiji cha mabaharia na wavuvi, na wanaume wake walisifika kwa ufundi wa kutega jodari kwa nyavu. Uvuvi huo ulipofifia, Pedro Zaragoza, aliyekuwa meya tangu 1950, aligeukia jua na fukwe. Anakumbukwa zaidi kwa kuruhusu bikini wakati wa utawala wa dikteta Franco, ingawa kazi yake kubwa ilikuwa mpango miji wa 1956. Mpango huo ulichora barabara pana kabla wajenzi hawajafika, kisha mabadiliko ya 1963 yakaondoa ukomo wa urefu wa majengo. Aliyejenga kwenda juu aliacha uwazi kuzunguka jengo lake, ndiyo maana mwanga na upepo wa bahari bado hupenya. Linganisha na maeneo yanayozunguka Torrevieja, kusini zaidi mwa mkoa huohuo wa Alicante: vitongoji vya nyumba za likizo vimeenea kilomita nyingi, vikiwa na bustani, mabwawa ya kuogelea na barabara zake. Mkoa huu ni mkavu. Ukame wa 1978 ulipobana, Benidorm ililetewa maji kwa meli. Katika nchi ya namna hiyo, bwawa moja la hoteli linalotumiwa na mamia ya wageni ni nafuu kuliko mamia ya mabwawa ya binafsi.

Faida ya majengo kukaa pamoja mtalii huiona kwa miguu. Fukwe mbili, Levante na Poniente, zimetenganishwa na mwamba wenye mji wa kale, kanisa la San Jaime lenye kuba la vigae vya buluu, na roshani nyeupe inayotazama bahari. Mwisho wa Levante huanza Serra Gelada, milima ya majabali iliyo hifadhi tangu 2005. Tramu humfikisha mtu Villajoyosa, penye nyumba za rangi kali na viwanda vya chokoleti. Kwenye magulio ya Jumatano na Jumapili wanunuzi hupekua nguo, mikoba na matunda, na madukani hakukosi turrón, kitamu cha lozi na asali kutoka mji wa Jijona.

Hoja yangu hupata nguvu zaidi kwa wageni waliohamia. Wengi ni wastaafu, hasa Waingereza. Mtu anayenunua nyumba ya mlimani akiwa na miaka sitini na kitu huwazia jua na mandhari. Akifika themanini hawezi tena kuendesha gari, na hubaki ndani akingoja wa kumpeleka dukani. Anayeishi katika ghorofa la Benidorm hushuka kwa lifti akakuta duka la dawa, mkate na majirani. Matibabu yake, kama ni mkazi aliyesajiliwa anayelipwa pensheni na Uingereza, hugharimiwa na nchi yake. Tangu 2021 Mwingereza asiye na ukazi huruhusiwa siku 90 tu katika kila 180. Majira ya baridi hujazwa pia na wazee wa Kihispania, ambao serikali yao imekuwa ikiwachangia gharama za safari tangu miaka ya 1980, hivyo hoteli nyingi hubaki wazi na wahudumu hawapotezi ajira msimu ukiisha.

Husemwa kwamba wageni hawa hujitenga, na ni kweli. Katika mtaa wa Rincón de Loix mtu anaweza kuishi miaka akila, akinywa na kusemezana kwa Kiingereza. Lakini kujitenga huko kupo hata kwenye vitongoji vya nyumba ndogo, ambako mgeni hana hata basi la kupanda pamoja na Mhispania. Pingamizi zito zaidi ni la makazi. Mwaka 2024 maelfu waliandamana Visiwa vya Kanari, Mallorca na Málaga wakilalamikia kodi za nyumba zinazopanda kwa sababu ya utalii, na urefu wa jengo pekee hauwezi kutibu hilo. Hoteli hujengwa kwa ajili ya mgeni tangu mwanzo. Nyumba ya kawaida ikigeuzwa kuwa ya kukodishwa kwa wiki, mpishi au mtandika vitanda hukosa pa kulala. Manispaa zina wajibu wa kubana leseni za nyumba hizo na kutenga ardhi ya makazi ya wafanyakazi karibu na vituo vya tramu, kwa uthabiti uleule uliotumika mwaka 1956 kuwapangia wajenzi wa hoteli.