Tuzo ya heshima ya msanii: kweli au si kweli?

Katika mtaa wa Makomeno, kama kote Lubumbashi, jina la Mufwankolo halihitaji utambulisho. Mwigizaji Odilon Kyembe aliyelibeba, pamoja na kundi lake, waliigiza kwa Kiswahili cha mjini, jukwaani, redioni na kwenye televisheni. Watu wakizungumzia kuwatuza wasanii kama hao kwa kazi ya maisha, husemwa mengi yasiyo na msingi.

"Tuzo ya heshima ni ya kumuaga mzee." Si kweli. Charlie Chaplin alipewa Oscar ya heshima mwaka 1929 akiwa na miaka 40, kisha nyingine mwaka 1972. Mwigizaji Peter O'Toole aliomba kwanza ya kwake isubiri, maana bado alitaka kushinda Oscar kwa kushindana. Hatimaye aliipokea mwaka 2003, na baadaye akateuliwa tena kwa filamu ya Venus.

"Anayestahili ni mtu mmoja." Hapa ndipo tunapokosea zaidi. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwauliza wasanii wa kundi la Mufwankolo maana ya methali isemayo mamlaka huliwa mazima. Wakaona jibu zuri ni mchezo. Hakuna mwandishi aliyewagawia maneno ya kukariri: walijadiliana, wakagawana nafasi, wakafanya mazoezi, kila mmoja akitunga ya kwake humohumo, hadi mchezo ukachezwa kijijini Kawama na kurekodiwa kwa televisheni. Kombe lenye jina la kiongozi peke yake lingewaacha nje watunzi wengine wote.

"Bila tuzo, msanii husahaulika." Si kweli pia. Fabian alirekodi mazoezi yale, akayaandika, na mwaka 1990 yakatoka katika kitabu cha Power and Performance, Kiswahili chao kikiwa ndani. Kijana anayejifunza kuigiza anaweza kufuatilia tukio likijengwa hatua kwa hatua. Natamani kila kamati ya tuzo ianzie hapo, kwa kutafuta kanda za zamani na kuzihifadhi kabla hazijaoza.

"Heshima humtunza msanii akidhoofika." Laiti ingekuwa hivyo! Tanzania nzima ilimpenda King Majuto, mchekeshaji wa Tanga. Alipougua mwaka 2018, ikadhihirika kuwa umaarufu haukumlipa ipasavyo, ikabidi Harrison Mwakyembe, waziri wa sanaa wa wakati huo, aunde kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Majuto alifariki Agosti mwaka huohuo. Anayeandaa tuzo Lubumbashi aulize basi, kabla ya kuchonga kombe: mchezo ukirudiwa kwenye televisheni, walioucheza wanalipwa nini?