Kuuza Shamba kwa Ajili ya Shahada ya Hali ya Hewa?



Kibarua mmoja wa Bwera ameniuliza: auze shamba lake ili binti akasomee hali ya hewa Makerere? Nikamwambia tuhesabu kwanza. Karo ni mwanzo tu; kuna chumba, chakula, vitabu na nauli ya Kampala. Mwajiri mkubwa ni serikali, na nafasi ni chache. Kipo pia chuo cha hali ya hewa Entebbe. Akaulize huko kabla ya kuuza.

Lakini kazi yenyewe tusiidharau. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, ukarudia Mei 2020, na hospitali ya Kilembe ikaharibiwa mara zote mbili. Sisi wa mabondeni twahitaji mtu wa kutuonya mapema.

Binti anaziweza hisabati na fizikia? Kama anaziweza, mimi ningelikodisha shamba, nisiliuze.