Mashine Inayolinda Volti Imhesabu Nani?

Umeme wa nyumbani hapa Tanzania umepangwa kuwa volti 230. Ukishuka mno, friji ya chanjo haipoozi na mota ya pampu hupata moto. Ukipanda mno, vifaa huungua. Kuzituliza volti ni kazi ya zamani, ila umeme wa jua umeifanya kuwa ngumu zaidi.

Tuchukue mfano wa laini moja inayotoka Bagamoyo mjini kupitia Kaole hadi Mlingotini. Kwa kawaida volti hupungua kadiri laini inavyokwenda mbali, kama maji ya bomba yanavyopoteza msukumo. Sasa tuseme nyumba nyingi za mwisho wa laini zina paneli zilizounganishwa na gridi. Saa sita mchana umeme wao unarudi kuelekea mjini, na volti za kule mwisho zinapanda. Wingu likipita, zinashuka ghafla. Transfoma hurekebisha volti kwa hatua, polepole. Haiwezi kukimbizana na mawingu.

Hatari yake si ya kufikirika. Tarehe 28 Aprili 2025 sehemu kubwa ya Hispania na Ureno ilizimika, na uchunguzi ulionyesha kwamba volti zilipanda kupita kiasi, mitambo ikajizima mmoja baada ya mwingine.

Ndiyo maana watafiti wanajaribu mashine zinazojifunza. Programu hupewa gridi ya kuigiza ndani ya kompyuta. Volti zikibaki ndani ya mipaka, inapata alama, zikitoka, inapoteza. Baada ya maelfu ya majaribio inajua lini iziamuru inveta za paneli zisaidie kupandisha au kushusha volti, tena kwa haraka. Ni kama nahodha aliyejifunza kaskazi na kusi bila kuzamisha jahazi hata moja. Lakini upepo asioujua bado unaweza kumshinda. Kwa hiyo mashine huwekewa mipaka isiyoruhusiwa kuivuka, na mhandisi lazima aweze kuizima.

Linabaki swali ambalo hesabu peke yake haijibu: alama hizo zinapangwa na nani? Tukiiambia mashine ijali wastani tu, nyumba mia za mjini zikiwa sawa itajiona imefaulu, hata kama zahanati ya mwisho wa laini inapata umeme mdogo kila jioni. Mashine haijakosea, imetii. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba busara ni akili nyofu katika mambo ya kutenda, nayo huanza kwa kujua lengo jema. Hati ya Vatikano *Antiqua et nova*, ya Januari 2025, nayo inasisitiza kwamba wajibu wa maamuzi hubaki kwa binadamu.

Leo gridi yetu inategemea zaidi maji na gesi. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, linaleta umeme wake hadi Chalinze, jirani zetu. Paneli zikiongezeka juu ya mapaa yetu, mashine kama hizi nazo zitaletwa. Siku hiyo tusiulize tu kama zina kasi. Tuulize kama yule wa mwisho wa laini amehesabiwa.