Ushauri wa Kikundini: Upi Ufuatwe?

Mwenzako katika kikundi cha wanaoishi na VVU anaweza kukufunza mengi: jinsi ya kubeba dawa mashuani usiku kutoka Mbita bila kuziloanisha, au jinsi ya kumweleza mume matokeo. Hapo aliyepitia ndiye ajuaye.

Mambo hubadilika ushauri unapogusa dawa yenyewe. Wagonjwa wengi Homa Bay na Migori humeza kidonge chenye dolutegravir. Anayelalamikia kiungulia huambiwa na wenzake ameze dawa ya asidi papo hapo. Anayemwambia hana nia mbaya, na pengine hakuona madhara yoyote. Lakini magnesiamu na alumini zilizo katika dawa nyingi za asidi hushikamana na dolutegravir tumboni, na kiasi kidogo tu ndicho kinachoingia mwilini. Dolutegravir imezwe saa 2 kabla ya dawa hiyo, au saa 6 baada yake.

Upungufu huo hauhisiwi. Huonekana tu kiwango cha virusi kinapopimwa. Ndiyo maana "mimi nilimeza na sikudhurika" hautoshi kuwa ushahidi.

Hatari zaidi ni kuambiwa uache dawa kwa kuwa virusi "havionekani". Havionekani kwa sababu dawa imevibana. Ukiiacha, huongezeka tena baada ya wiki chache.

Muulize anayekushauri: alielezwa na nani, anatumia kidonge kipi, alipimwa mara ya mwisho lini? Dawa yoyote ya kuongezea, hata ya kienyeji, ipeleke kliniki na pakiti yake kabla hujaimeza.